Sindano Iliyolala Jikoni

Jumatatu, 5 Septemba 1831. Birmingham

Namshukuru Mungu kwa mke wangu Keziah. Leo nimemkosea tena. Nimechana bitana ya hariri ya koti lake la kanisani, nikaviringishia waya wa shaba, maana waya mtupu ukigusana umeme unakatiza njia. Ijumaa klabu yetu ya elimu inachagua mwenyekiti. Umeme unatikisa sumaku, hilo kila mtu kashaliona. Mimi nitaonyesha sumaku ikizaa umeme. Kiti changu!

Jumanne, 6

Akili imenijia. Umeme ukipita wayani, sindano ya dira itaruka. Lakini sumaku ikiwa karibu, inaivuta sindano yenyewe, bila umeme wowote. Basi dira nimeipeleka jikoni, waya ukapita chini ya mlango. Nachomeka sumaku kwenye msokoto wa waya sebuleni, natembea jikoni kutazama. Sindano imelala. Nikakimbia. Imelala. Nikateleza kwenye ganda la kiazi. Sindano imelala, na mimi nimelala. Keziah akaniuliza kama nafukuzana na panya. Kanipaka siki gotini. Mke wa dhahabu!

Alhamisi, 8

Nimechungulia dirisha la jirani, Septimus Huddle, muuza dawa, anayekitaka kiti hichohicho. Dhambi, najua. Naye anajaribu jambo lilelile, ila dira kaiweka ghorofani! Anapanda ngazi akihema kama mvukuto. Nilicheka mpaka akanimwagia maji ya vyombo. Nilistahili.

Ijumaa, 9

Klabu nzima sebuleni kwangu. Huddle kajiketisha jikoni mbele ya dira, andazi la nyama la Keziah mdomoni, ili anicheke vizuri. Nikachomeka sumaku. Yowe! "Imeruka! Obadiah, imeruka!" Nikakimbia. Imelala fofofo. Nikamwambia ni tumbo lake limetikisa meza. Nikachomoa sumaku, yowe tena. Nikakimbia. Imelala! Akaapa mbele ya wote kwamba inaruka kidogo, halafu inatulia. Nikaapa kwa sauti kubwa zaidi kwamba haijaruka hata chembe. Wakaniamini mimi. Nimeshinda ubishi! Na kwa kuwa nimethibitisha mwenyewe kwamba nimeshindwa, kiti kapewa Huddle.

Jumapili, 11

Nimemwungamia Keziah habari ya hariri. Akasema, "Mwizi wee! Ungeniomba, ningekupa shuka kuukuu." Akacheka, kanisamehe. Mungu ni mwema.

Huddle naye kaja na mvinyo wa beri, eti tujaribu pamoja, mmoja achomeke, mwingine atazame. Moyo mkubwa, akili kiduchu. Nimemshukuru, nimekataa. Kosa nimeshaligundua: jikoni ni karibu mno! Kaniruhusu niiweke dira darini kwake, ng'ambo ya barabara. Nitahitaji waya mrefu zaidi. Na hariri nyingi.

Gauni la harusi la Keziah lipo tu sandukuni, halivaliwi.