Ombi la Kazi ya Kuchagua Nani Apewe Mashine

Kwa Mganga Mkuu wa Hospitali,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa: marahaba. Mimi ni bibi yake yule muuguzi mrefu wa wodi ya wanaokosa pumzi. Shule niliishia darasa la tatu, lakini hasira yangu imefika chuo kikuu. Malalamiko ni haya:

1. Tangu gonjwa hili liingie, mjukuu wangu mnanirudishia nusu. Mwili unakuja, akili inabaki huko kwenu. Juzi katia chumvi kwenye chai, kainywa yote, kisha kaniambia asante.

2. Mmempeleka semina ya kustahimili. Siku nzima! Karudi na cheti na kalamu isiyoandika. Namuuliza mmefundishwa nini, ananiambia kuvuta pumzi ndefu na kuiachia taratibu. Mganga Mkuu, una akili timamu? Wanaokosa pumzi ni wagonjwa, nyinyi mnamfundisha muuguzi kupumua!

3. Mashine ya kupumulia ni moja. Jumanne wakaletwa wawili kwa pamoja, mwalimu na fundi cherehani, daktari yuko wodi nyingine. Akachagua mjukuu wangu. Mwalimu katoka anapunga mkono. Fundi hakutoka. Mjukuu ananiuliza, "Bibi, wewe ungempa nani?" Nikamjibu palepale, "Mwalimu." "Kwa nini?" Nikamgombeza kwa kuacha viatu mlangoni.

4. Sasa anasema anaacha kazi. Akiacha, mtabaki na nani? Yule mwenzake anayejifungia chooni kulia?

Kwa hiyo naomba kazi hiyo ya kuchagua mnipe mimi. Nimelea watoto tisa kwa kitoweo cha watu wanne. Nyama nimegawa mwenyewe na sikumwomba mtu radhi. Moyo wangu mgumu kama kisigino. Niwekeeni kiti mlangoni mwa wodi. Wakija wawili, nanyoosha kidole: huyu ndiyo, yule hapana. Ndugu wakitaka kulaani, wanilaani mimi. Nimelaaniwa na mawifi watano na bado nakula vizuri. Mjukuu wangu awafungie wagonjwa mirija ya hewa tu, arudi nyumbani mzima.

Wasalimie madaktari, wafagizi, wapishi, na yule mlinzi aliyenifukuza getini. Mwambie nimemsamehe, ila si sana.

Ni mimi,
Bibi yake muuguzi mrefu

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha nimeambiwa mmempokea jirani yangu muuza mkaa, kaletwa pamoja na mgonjwa mwingine. Hatujasemezana miaka kumi na moja kwa sababu ya ukuta wa mpaka. Mzee, mkorofi, ulimi wembe. Kwa kazi ninayoomba, huyo ndiye wa kumnyima kwanza. Mpeni mashine. Na huyo aliyeletwa naye, simjui hata sura, naye mpeni. Nimekaa saa nzima najaribu kumnyima mmoja wao, nimeshindwa. Kazi yenu siitaki. Mjukuu wangu yuko zamu sasa hivi: mwambieni lile swali lake bibi yake hana jibu, na hakuna mwenye nalo, aache kujitafuna. Mashine ya pili itafuteni nyinyi, leo.