Milimita Tisa kwa Nafasi Moja ya Kazi

Jumatatu, 3 Septemba 1984

Leo nimeamua kununua bastola. Ya milimita tisa, ya kulengea shabaha, na ya bei inayouhurumia mshahara wa mhandisi aliye katika majaribio.

Sababu ni hii. Kampuni yetu hapa Kista, Sweden, itamwajiri mmoja tu kati ya wahandisi wawili walio majaribioni: mimi, au Wanjohi wa Nyeri. Uamuzi utatolewa wiki ijayo, na mwamuzi ni mkurugenzi wetu, Bwana Lennart Hallström. Asubuhi nilimpelekea faili ambalo hakuliomba, nikaona kikombe cha fedha juu ya kabati lake. Katibu wake akanieleza kwamba mkurugenzi ni mwenyekiti wa klabu ya kulenga shabaha, na kwamba kila Jumamosi yuko huko.

Wanjohi hajui hata kama kikombe hicho kipo. Yeye anadhani ajira hupatikana kwa kufanya kazi.

Jioni nikaingia duka la silaha mjini. Muuzaji aliuliza mimi ni mwanachama wa klabu gani. Nilimjibu kwamba nina shahada ya uhandisi. Akauliza kuhusu kibali cha polisi. Nikamwonyesha nakala ya shahada. Aliisoma yote, hata mihuri, akanirudishia kwa mikono miwili. Kisha akafafanua kwamba nchini humu mtu hujiunga na klabu kwanza, hujifunza kwa silaha ya klabu, klabu humdhamini, polisi humpa kibali, ndipo hununua. Nilimshukuru kwa maoni yake. Nimeondoka na katalogi.

Jumanne, 4 Septemba

Uchunguzi wa kitaalamu umekamilika. Nimebakiza bastola tatu. Ya Kiswisi: kamilifu, lakini kwa bei yake ningelazimika kulala ndani ya kisanduku chake. Ya Kicheki: bei nafuu, mpini mnene, katalogi inasema kidole kifikie kifyatulio bila kunyooshwa, na changu ni kifupi kidogo. Ya tatu ni ya jeshi la Sweden, ya zamani, imeshatumika. Kwa lugha ya nyumbani, bastola ya mtumba. Kilengeo chake hakirekebishiki na springi zake huenda zimechoka, lakini ndiyo rahisi kuliko zote. Juu ya hayo, katibu anasema mkurugenzi anayo ya aina hiyo hiyo. Nimeichagua.

Tatizo limezuka nyumbani. Nimepanga chumba huku Skärholmen kwa Mzee Ssemakula na mkewe, Mama Nakato. Mzee alitoka Kampala mwaka ule ambao watu walikuwa wakitoka bila kuaga. Amekuta katalogi mezani, karibu na bakuli la ugali. Akavaa miwani, akafunua kurasa mbili, akavua miwani.

"Mwanangu Deusdedit," alisema, "mimi nilikimbia nchi nzima kwa ajili ya vitu hivi. Wewe unavichagua kwa picha?"

Nilimweleza kwa heshima zote kwamba huu ni mchezo; kinachopigwa ni karatasi.

"Hiyo karatasi imekukosea nini?"

Mama Nakato aliichukua katalogi, akaiweka chini ya sufuria ya moto. Bastola ya Kiswisi imeungua. Si hasara, haikuwa kwenye uwezo wangu.

Alhamisi, 6 Septemba

Ushindi. Saa ya kahawa nilisogeza kiti karibu na mkurugenzi. Nilimwita Herr Direktör, yaani Bwana Mkurugenzi, kama adabu inavyotaka, ingawa Waswidi wote, hata mfagizi, humwita Lennart. Nikamweleza kwamba nimefikia hatua ya mwisho ya kuteua bastola ya milimita tisa. Nikagusia urefu wa mtutu, uzito wa kifyatulio, umri wa springi. Aliacha kutafuna andazi lake. Akauliza kama nimewahi kupiga risasi hata moja.

Nilijibu kwamba hadi sasa nimejikita zaidi katika nadharia.

Wanjohi, aliyekuwa meza ya pili, alipaliwa na kahawa. Mkurugenzi akacheka pia, akanikaribisha kiwanjani Jumamosi. Kisha, kwa ukarimu usio na mpango wowote, akamgeukia Wanjohi na kumwambia aje naye. Wanjohi akasema sawa, Lennart, nitakuja. Namna hiyo tu. Bila hata kuinuka.

Ndani ya treni nilimshauri, kama ndugu, asijisumbue. Mchezo huu unadai maandalizi. Akasema ameandaa thermosi.

Jumamosi, 8 Septemba

Naandika nikiwa nimetulia. Nataka ukweli ubaki mahali pamoja.

Nilivaa suti ya kijivu na tai. Wanjohi alivaa sweta. Aliponiona stesheni aliniuliza, "Wewe Deus, unaenda kulenga ama unaenda kuoa?" Nilikaza tai.

Kiwanja kiko msituni, mwendo mfupi kutoka kituo cha basi. Mkurugenzi alitufundisha sheria: mtutu huelekezwa mbele daima, kidole nje ya kifyatulio hadi amri itolewe. Kisha akaleta bastola mbili ndogo za klabu, zile za risasi nyembamba wanazoanzia wageni. Wanjohi alipokea yake. Mimi nilieleza kwamba nafasi ya kitaaluma niliyomo hainiruhusu kuanzia chini. Mkurugenzi alinitazama kwa muda, akanipa ile yake ya milimita tisa. Akasimama nyuma yangu, karibu sana.

Mimi shabaha namba nne. Wanjohi namba tano.

Wanjohi alianza. Risasi zake zilikuwa na sauti ya mtu anayevunja njugu. Nilichungulia karatasi yake nione ameharibu kiasi gani. Hakuwa ameharibu. Tundu moja lilikuwa karibu kabisa na weusi wa katikati. La pili pia. Niliendelea kuchungulia. Zamu yangu ikafika, amri ikatolewa, nikainua mikono, nikapumua kama katalogi inavyoelekeza, nikapiga tano.

Nilipiga vizuri. Jambo hili lieleweke. Tulipokwenda kukagua, karatasi yangu namba nne ilikuwa safi, haina hata doa. Karatasi ya Wanjohi ilikuwa na vitundu vyake vyembamba, na katikati, ndani ya weusi, matundu matano makubwa yaliyokaa pamoja kama familia. Risasi za milimita tisa haziwezi kusingiziwa mtu mwingine.

Mkurugenzi aliinama, akayatazama, akaniambia kwamba hajawahi kuona mgeni akilenga hivyo. Nilianza kushukuru. Akaongeza kwamba kwa sheria za mchezo nimepata sifuri.

Niliwasilisha rufaa papo hapo: kipimo cha mlengaji ni ustadi, namba ya karatasi ni suala la utawala. Rufaa ilisikilizwa kwa upole na kukataliwa.

"Asante, Deus," Wanjohi akasema, "lakini hata mimi najua kujipigia." Wanachama walicheka. Wote. Hata bibi aliyekuwa akibandika viraka kwenye shabaha namba moja.

Bado nilikuwa na nafasi ya kurekebisha hali. Nikageuka, nikamwona mkurugenzi wetu mwenyewe ameshika ufagio, anafagia maganda ya risasi. Mkurugenzi mzima! Damu ilinichemka kwa aibu kwa niaba ya wasomi wote. Nilimkimbilia, nikamwambia haiwezekani, Herr Direktör, sisi tupo. Nikautwaa ufagio mikononi mwake. Kisha, kwa kuwa nilikuwa na suti, nikamkabidhi Wanjohi.

Kiwanja kizima kiligeuka kututazama. Sijui kwa nini. Nadhani waliguswa.

Mkurugenzi aliuchukua ufagio kutoka kwa Wanjohi, taratibu, akaendelea kufagia. Wanjohi akapiga magoti na kuokota maganda kwa mkono. Wakawa wanaongea kuhusu samaki. Nilibaki nimesimama na tai yangu, nikiwasimamia.

Ijumaa, 14 Septemba

Nafasi imepewa Wanjohi.

Mkurugenzi aliniita ofisini mwake, akafunga mlango, akanimiminia kahawa yeye mwenyewe. Akasema mimi ni mhandisi mzuri. Akasema mkono wangu hauna tatizo lolote. Hupiga pale macho yanapotazama. Ila tangu nifike Kista, macho yangu yako kwa Wanjohi au kwake yeye, na michoro ya mashine iliyo mezani kwangu haijapata hata nusu saa. Akasema ameniombea nafasi ya mwaka mmoja kwa mwenzake huko Södertälje, ambako simjui mtu, na ambako nitaweza kuanza upya kwa kutazama kazi.

Nikamuuliza kama kauli ile ya mkono wangu naweza kuinukuu katika wasifu wangu. Alifikiri kidogo, akasema ndiyo.

Wanjohi alinisindikiza hadi stesheni. Alinipa nusu ya chapati aliyobeba, akasema, "Usijali, bwana. Nitakuja kukuona huko." Alikuwa na uso wa huruma kweli, jambo lililoniudhi zaidi ya yote. Chapati ilikuwa nzuri.

Jumapili, 16 Septemba

Nimetafakari wikiendi nzima na kosa nimeligundua. Nilichagua mchezo usio wangu. Bastola hukupa nafasi chache sana za kuonekana, na masikio ya watu yamezibwa kwa ajili ya mlio.

Jana nilimpigia simu nyumbani kwake katibu wa ofisi ya Södertälje, kwa kisingizio cha kuuliza treni ya kuwahi kazini. Mkuu wangu mpya ni mwanamke, Bi. Bergvall. Kila majira ya baridi hushiriki mbio ndefu za skii, zile mbao za kuvaa miguuni na kuteleza juu ya theluji, na humheshimu sana mtu anayejua skii nzuri. Katalogi nimekwishaagiza. Theluji haijaanguka, kwa hiyo ninao muda wa kutosha kuwa bingwa.

Mezani nilimwarifu Mzee Ssemakula kwamba habari ya bastola imekwisha, sasa ni skii. Aliweka kijiko chini, akauliza kama hizo nazo huua watu.

Nilimjibu kwamba zikiua, humuua yule aliyezivaa tu.

Mzee alifurahi mno. Aliniongezea nyama, akaniombea heri.