Mtoeni Mwanangu Kwenye Kozi ya Samaki

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Idara ya Uvuvi na Sayansi za Majini,

Assalaam aleikum. Natumai u mzima, na wahadhiri wako wazima. Mimi si mzima sana, na sababu ni nyinyi.

MINTARAFU: KUMHAMISHA YUSRA BINTI KIBWANA

Mimi ndiye mamake. Ni mama karanga hapa Msambweni. Nafafanua mapema, kwa kuwa mhadhiri wenu aliyekuja na wanafunzi alilisikia jina hilo akaniomba njugu. Huku mama karanga ni mwanamke anayekaanga samaki na kuwauza. Njugu sina. Malalamiko ninayo:

1. Yusra amekuja likizo na rula. Kila tafi anayeelekea kwenye karai hupimwa kwanza, kisha wateja hutangaziwa kwamba huyu maskini ni mtoto, hajazaa hata mara moja. Nani aliyemuuliza samaki habari za uzazi? Bwana Kilonzo, mteja wangu wa kila jioni, aliingiwa na huruma. Sasa anakula mayai, ambayo nayo hayajazaa.

2. Amefundisha mtaa mzima kuwa samaki aitwaye pono huanza maisha akiwa jike, akikua hugeuka dume. Babake tangu asikie hamgusi pono. Ukimuuliza, anasema yeye ni mtu mzima na ana heshima zake.

3. Nikimwachia meza, ananadi samaki kwa Kilatini. Juzi mpita njia alidhani anasomewa uganga, akavuka barabara bila kutazama.

Kwa hayo naomba, kwa unyenyekevu na hasira, ahamishiwe kozi ya kujenga madaraja. Daraja haliliwi, hata akilipima mchana kutwa, mamake hatapata hasara.

Nisalimie wahadhiri, makarani, mabawabu, na samaki wa kwenye matangi yenu.

Mwenye kukuheshimu na kukulaumu,
Mwanarusi

Tanbihi: Nilipokuwa natia sahihi, Yusra alikuja kuniambia ameona biashara inavyodorora kwa sababu yake, basi hatarudi chuoni, atabaki kukaanga nami. Mheshimiwa, nimekataa katakata. Yote niliyoandika hapo juu yafute. Begi lake nimelifunga mwenyewe, Jumatatu yuaja huko. Mpokeeni, mumfundishe kila kilichomo baharini, na msimruhusu kurudi kabla hajahitimu, hata akinililia. Hata nikimlilia mimi.