Nguvu ya Tatu Kwenye Shafti ya Baba

Jumatatu, 3 Juni
Mkuu wa karakana anastaafu. Katangaza asubuhi, mbele ya msumeno mkubwa wa kupasulia mbao: beringi mbili zinazobeba shafti yake, ule mhimili unaouzungusha, zimekwisha. Atakayepiga hesabu ya nguvu zinazozielemea, akachagua beringi zinazofaa, ndiye atakayeshika nafasi yake. Tunaoitaka ni wawili: mimi na shemeji, mume wa dada. Shemeji ana cheti. Mimi nina damu. Marehemu baba aliutunza msumeno huu miaka ishirini na nane. Nikiwa mdogo alinipa bisibisi, ncha kwenye kasha la beringi, mpini sikioni, akaniambia nisikilize. Beringi nzima huvuma kama mtu anayeimba amefunga mdomo. Sijasikia tena sauti tamu kama ile.

Jumanne, 4 Juni
Nimejaribu. Shafti inaendeshwa na gia mbili za umbo la koni, zinakutana kama kona ya meza. Karatasi nne zimejaa. Jibu la kwanza: beringi moja haibebi chochote. La pili: msumeno unapaa. Shemeji yuko karatasi ya sita, anapiga mluzi. Nimemwambia yangu imekwisha, naipamba tu.

Jumatano, 5 Juni
Nimepata dawa! Nilikwenda kwa mama kumjulia hali. Yeye jikoni, mimi kwenye sanduku la baba. Daftari lake lipo, limelainika kwa grisi, linanuka shati lake la kazini. Nikakaa sakafuni, nikasahau nilichofuata. Zile tarakimu zake za saba zenye mkia! Halafu nikakumbuka. Ukurasa wenye shafti ileile: nguvu inayozungusha gia, nguvu inayoisukuma kando, mzigo wa kila beringi. Nikanakili, daftari nikalitia mfukoni. Mama akauliza mbona kimya. Nikasema namkumbuka baba. Haikuwa uongo kabisa.

Alhamisi, 6 Juni
Nimewasilisha wa kwanza. Shemeji akauliza, kwa upole, kama nimehesabu pia msukumo unaofuata urefu wa shafti. Nikamjibu kwamba baba hakuhitaji mambo ya vyetini. Mkuu, aliyempenda sana baba, akaidhinisha. Beringi zangu zimefungwa.

Ijumaa, 7 Juni
Msumeno uliimba dakika arobaini. Nikafumba macho, nikawa na miaka tisa. Kisha shafti ikaanza kutambaa, meno ya gia yakaachana, kishindo kama kabati la sufuria limeanguka. Hakuna aliyeumia. Shemeji hakucheka. Hilo ndilo limeniuma.

Jumamosi, 8 Juni
Nimerudisha daftari, nikakiri. Mama aliutazama ule ukurasa, akatabasamu.
“Huu ndio uliomnyima raha wiki nzima,” akasema. “Shafti ilimtoka vilevile. Wewe hukufunua upande wa pili?”
Nikafunua. Hesabu nzima upya, na nguvu ya tatu, ile ya kusukuma shafti kwa urefu wake, imepigiwa mistari miwili. Pembeni kaandika: mjinga mimi. Nikalia kidogo. Mama akaniacha nilie. Sijawahi kuwa karibu na baba hivyo tangu tumzike.

Jumatatu, 10 Juni
Shemeji ndiye mkuu mpya. Msumeno unavuma vizuri, nakubali. Dada kaleta ujumbe: mumewe anataka tukae, anifundishe hesabu taratibu kuanzia mwanzo. Nimekataa kistaarabu. Mtambo wa maji wa jirani unatafuta fundi wa pampu. Waliniuliza kama hesabu zake nazijua. Nimewaambia nimezaliwa nazo. Pampu sijawahi kuifungua, lakini maji ni maji tu, yatajiendea yenyewe. Naanza kesho.