Naomba Hati ya Moshi

Panda, Likasi, tarehe 14 Agosti

Kwa Bwana Mkurugenzi wa Mazingira,
Kampuni ya Umeme Nuru ya Lufira

Bwana Mkurugenzi mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima yote inayostahili cheo chako. Jina langu ni Orpha Ngalula, karani wa kuandikisha vizazi, mke wa Evariste wa kiwandani. Unanifahamu. Mimi ndiye yule mama wa kitenge cha njano anayecheka kwenye bango mbele ya ofisi yenu, ameinamia resho, jiko la umeme, na juu yake maneno: “Mama Orpha amesema kwaheri makala! Nasi tumeahidi: kaboni sifuri!”

Bwana Mkurugenzi, sikusema kwaheri. Mwezi wa tano alikuja mfanyakazi wenu, Bwana Ghislain, na kamera, na resho mpya ndani ya kartoni. Nikamweleza kwamba mtaa wetu hauna umeme tangu Pasaka. Akajibu, “Mama, picha haihitaji courant. Cheka tu.” Nikacheka. Alipomaliza aliirudisha resho kwenye kartoni, akaondoka nayo, na mboga yangu ya sombe ikaendelea kuchemka uani kwenye mbabula ya makala, yaani jiko la mkaa, kama siku zote.

Tangu bango lisimame, nimepatwa na haya:

1. Gertrude, aliyeniuzia makala miaka kumi na mmoja, amenifungia gunia. Nilipofika na ndoo yangu, aliweka mikono kiunoni: “Mama Orpha, weye uliniaga mbele ya bantu yote. Sasa unatafuta nini? Minye siuzishe makala kwa muntu ya climat, ya kaboni sifuri.” Nilimweleza habari za kartoni. Akasema mtu hawezi kucheka vile mbele ya kitu kisicho chake. Wauzaji wengine sokoni ni wadogo zake, nao wamenifungia pia. Sasa nachoma uzio wetu, fito moja moja.

2. Majirani wanaamini ninaficha umeme. Jumapili, baada ya ibada, Mama Sephora wa kwaya alileta chungu cha maharagwe akiomba nafasi “kidogo tu ku resho”. Nyuma yake walipanga mstari mama sita, kila mmoja na chungu chake. Niliwaonyesha jiko langu lote. Wakaomba kuangalia chini ya kitanda.

3. Hili ni fupi. Bango lenu limesimama mbele ya bomba la jenereta ya mazuti inayowasha ofisi yenu, na uso wangu wa pichani umeshakuwa mweusi kuanzia kidevuni kwenda juu. Nilikuja kulalamika. Mpokea wageni wenu, Mama Jenny, alinisikiliza kwa adabu, lakini kwa kelele za jenereta aliandika kwamba nimekuja kushukuru.

4. Taarifa yenu ya mwaka inasema nimeiokolea dunia kilo mia nne na kumi na mbili za kaboni. Bwana Mkurugenzi, mimi mtoto ambaye hajazaliwa simwandikishi, hata baba yake akija na suti. Ninyi mmeandikisha moshi ambao haujaacha kutoka, mkauita ahadi iliyotimia.

5. Evariste anarudi kutoka kazini anakula mkate na karanga. Jana aliniambia polepole, “Orpha, enda uombe Gertrude musamaha.” Kwa kosa gani? La kucheka. Nililia kidogo, na safari hii haikuwa moshi.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu mnipe Hati ya Moshi, yenye muhuri na picha yangu ndogo, ikithibitisha kwamba mimi, Orpha Ngalula, mwenye akili timamu, huchafua hewa mara mbili kwa siku, na mara tatu siku za sikukuu. Nitampelekea Gertrude naye atanipimia makala. Kama sheria za kaboni sifuri haziruhusu hati hiyo, basi vuteni bomba la jenereta yenu mpaka jikoni kwangu nipikie joto lake, maana sifuri yenu ina moto kuliko yangu. Na kama hilo pia ni gumu, shusheni bango kabla ya Jumamosi, au nitakuja kusimama chini yake na mbabula yangu, nikipika, bila kucheka.

Nisalimie wahandisi, madereva na Mama Jenny. Isalimieni na jenereta, maana ndiyo pekee kwenu inayofanya kazi bila kukatika.

Ni mimi, mwenye moshi machoni na heshima moyoni,

Orpha Ngalula

N.B. Kabla sijafunga bahasha, mama mkwe wangu ameshuka kwenye treni kutoka Mwene-Ditu. Miaka kumi na tisa ameniita “ule mwanamuke”. Leo, njiani, ameliona bango. Amesimama, amelipangusa uso kwa kona ya kitenge chake, kisha amewatangazia wapita njia: “Huyu ni bibi ya mutoto wangu, muke ya Evariste!” Bwana Mkurugenzi, nafuta namba moja mpaka tano. Msitume hati. Msiguse bango hata msumari. Ameomba bukari, ugali wa kwetu, iliyopikwa kwa umeme; nimeisonga nyuma ya nyumba kwenye mbabula huku nakohoa, nikamletea mezani. Ameonja, amefumba macho, akasema: “Aah, courant ni ingine. Iko na harufu muzuri ya moshi.”