Fulana ya Sufu na Mlima wa Olkokola

Jumatano, 3 Julai

Ndiyo, ni taiti ya kike. Ndiyo, ina maua. Na ndiyo, naivaa mimi, ndani ya suruali. Hivyo ndivyo nilivyomjibu mama mwenye nyumba alipoikuta kwenye kamba. Akauliza, Aikaeli, umeoa kimyakimya? Nikamwambia bado, ila hii taiti ndiyo mshenga.

Nimeichagua Tengeru, kwenye rundo la mtumba. Naeku anayeuza pale aliniona naipuliza kwa mdomo kupima kama upepo unapita. Akasema mabusu nikamalizie nyumbani.

Sababu ni Nanyori. Alikuwa anauza chai hapa Engutoto, mbele ya kibanda changu cha baiskeli. Mama yake akaumwa mgongo, Nanyori akarudi kwao Olkokola kukamua ng'ombe. Tangu aondoke, chai ya hapa ina ladha ya sufuria.

Siku moja alisema mwanaume atakayempandia Olkokola kwa baiskeli, huyo hana utani. Mimi natania tangu nizaliwe. Ndiyo maana gari sipandi.

Jumapili iliyopita nilipanda. Baridi ya Juni, ukungu mpaka puani. Nikafika meno yanagongana, shikamoo yenyewe ikaishia njiani. Mama yake akasema hii malaria. Nikanyweshwa uji, nikarudishwa na neno langu tumboni.

Sasa Philemoni, yule anayekusanya maziwa kwa pikipiki, anapeleka wazee wake kwa kina Nanyori kuposa Jumapili hii mchana. Nanyori mwenyewe kanipigia simu. Amesema kama nina neno, nije nalo asubuhi, kabla ya wazee.

Neno ninalo. Ninachokosa ni nguo ya ndani ya joto, ya bei ya mtu kama mimi.

Alhamisi, 4 Julai

Majaribio. Taiti ya maua, fulana mbili za pamba, na mfuko wa nailoni kifuani kuzuia upepo. Akili kubwa hii. Kupanda mpaka Ngaramtoni nilikuwa na joto kama mkate.

Kushuka, mambo mengine. Jasho lote lilikuwa limebaki humo ndani ya mfuko, likageuka barafu. Philemoni akanipita na madumu yake, akapunguza mwendo, akauliza nimetumbukia mto gani. Nilitaka kumjibu. Meno hayakuniruhusu.

Ijumaa, 5 Julai

Jayesh kaja kunyooshewa rimu. Ana duka la vitambaa mjini, na Jumapili huendesha baiskeli na wenzake mpaka Kisongo, wote wamebanwa na nguo kama soseji. Nikamsimulia ya jana. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Akasema pamba inakunywa jasho na haitemi. Kwenye ngozi weka sufu, au ile polyester ya michezo, ikubane, iwe nyembamba. Sweta juu yake. Kizuia upepo mwisho kabisa, na zipu uifungue ukiwa unapanda. Nikamuuliza hiyo sufu ni shilingi ngapi. Alivyotaja nikamuuliza kama kondoo mwenyewe anakuja nayo.

Tukapatana. Mimi rimu, yeye fulana yake ya zamani ya sufu, mikono mirefu, rangi ya kijani. Nyepesi kama karatasi. Akanisisitizia mara tatu, Aikaeli, kwenye ngozi, ndani kabisa. Nikaitikia ndiyo bosi.

Lakini jamani. Kitu cha nje ya nchi, kina nembo kifuani, nikifukie ndani nani akione?

Jumamosi, 6 Julai

Leo Mlima Meru umejitoa wote, hauna wingu. Olkokola haionekani kutoka hapa, lakini najua iko begani kwake. Saa hizi Nanyori anafunga ndama. Nimekaa na rimu ya mtu mkononi, nikasahau ni ya nani.

Jumapili, 7 Julai

Pamba ndani, sufu juu, nembo inang'aa. Nimefika Olkokola nimelowa. Nanyori na mama yake walishatangulia ibadani, nikawafuata. Nje ya kanisa nikavua ile fulana ikauke. Nikaianika kwenye meza, pembeni ya mkungu wa ndizi na trei ya mayai. Nikaingia na koti.

Jamani, ile meza. Ile ni meza ya sadaka. Asiye na hela analeta mazao, ibada ikiisha yananadiwa nje. Najua. Nimezaliwa Mlutheri. Baridi ilikuwa imenila akili.

Mzee Nathanaeli akauza ndizi, akauza kuku, kisha akainua fulana yangu akasema Bwana ambariki aliyetoa. Watu wakaitikia amina. Ungesema nini hapo? Nikaanza kuigombea kwa bei. Philemoni akapandisha bei. Halafu sauti nyuma ikatupita wote wawili. Nanyori.

Akaniita pembeni, fulana mkononi. Akasema haya Aikaeli, nakusikiliza. Macho yale. Natetemeka, pamba imenigandia mgongoni. Neno likapanda, likafika kooni, likageuka. Nikamwambia:

"U-u-unaiuza?"

Akaikunja fulana. Akasema cha madhabahuni hakiuzwi tena. Akauliza nguo ya kuvaa ndani nilikuwa naivaa juu kwa nini. Kisha akaenda kwao kuwapikia wazee chai. Nilipopita kwao naondoka, alitokeza mlangoni kunipungia, mkono wa kijani wa fulana ukachungulia kwenye gauni lake. Kaivaa ndani kabisa.

Nimeshuka mpaka Engutoto bila kugusa breki.

Jumatatu, 8 Julai

Philemoni kapita kununua viraka, uso umeshuka. Nanyori kawaambia wale wazee warudi baridi ikiisha, sasa hivi kuna jambo analisubiri. Jambo gani, hajasema.

Nimewaza mchana kutwa. Nimegundua: hapendi wageni wa Julai. Basi na mimi nisimsumbue, nisubiri Septemba. Labda nipande mara moja tu, nione kama ile fulana inamkaa.

Kwa hiyo wewe unayesoma, tuelewane. Taiti ya maua nakubadilishia, imevaliwa mlimani tu. Nipe sweta lolote la sufu, liwe na nembo, nitalivaa juu. Ukiniongezea na sentensi moja ya kumwambia, fupi, isiyo na herufi za kugonganisha meno, nakuwekea na kengele ya baiskeli bure.