Koti la Baba Mkwe Mtarajiwa

Jumatatu, 4 Machi
Nimekwisha! Koti la baba wa mchumba wangu nimeliunguza kwa pasi. Tobo mgongoni kama sahani. Nilikuwa namchungulia Sentimita, fundi cherehani mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, nijue wateja wanamfuata nini. Mzee analichukua koti Alhamisi, na siku hiyohiyo anatoa jibu la posa yangu. Mama kanishauri niseme ukweli. Ukweli! Mama ana mzaha.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata kitambaa kilekile! Nashona jingine. Jirani yangu mwalimu kanipa neno: hayatofautishiki. Eti kufanana tu hakutoshi. Lazima hata mwenyewe ashindwe kujua lipi ni lipi. Neno tamu! Sentimita kauliza nashona nini. Nikamwambia ashughulike na yake.

Jumatano, 6 Machi
Tayari. Viwiko nimevisugua kwa jiwe vikachakaa. Mfuko nimeuchana palepale. Doa la wino kifuani nimelipaka kwa kijiti, roho mkononi. La zamani nikalikunja kuficha tobo, nikamwita mama achague la mzee. Kachagua jipya. Hayatofautishiki! Mimi kiboko!

Alhamisi, 7 Machi
Mzee kaja, kavaa, kajitazama kwenye kioo. Kanuna. Akauliza wiki nzima nilikuwa nafanya nini. Alilileta niondoe doa, nishone mfuko, nipanue tumboni; mbona doa lipo, mfuko umechanika, vifungo havifungi? Kwamba ni koti jingine, hakushuku hata chembe. Akasema hawezi kumwoza binti yake kwa fundi mvivu.

Mvivu? Mimi? Uchungu ukanipanda, nikaropoka kwamba doa lile nimelichora mwenyewe! Nikamtolea lenye tobo. Mara mzee akaangua kicheko mpaka akashika meza. Akasema anayejitesa hivi kwa ajili ya binti yake hatamlaza njaa. Posa imekubaliwa! Sharti moja tu: nisiwadanganye tena, yeye wala bintiye. Nimeapa mbele ya mama. Jamani, nimepumua!

Ijumaa, 8 Machi
Nimelala fofofo. Ujanja nimeacha kabisa. Nimekwenda kutafuta pete. Ya dhahabu bei haishikiki, nikachukua ya shaba. Nimeisugua kwa majivu na ndimu. Imeng'aa hiyo! Nikaazima pete ya dhahabu ya mama, nikaziweka pamoja mezani, nikazigeuzageuza. Hazitofautishiki!

Jioni mama kaja kuidai yake. Nimempa moja.